Mota ya Feni Kongwe na Umeme Iliyoundiwa

Feni kongwe ya umeme hutambuliwa kwa mota yake kabla ya kutambuliwa kwa jina la kampuni iliyoitengeneza, na mota nayo hutambuliwa kwa aina ya umeme iliyoundiwa. Mapanga ya shaba ya njano, kitako cha chuma cha kusubu na wavu wenye nafasi pana humvutia mtazamaji, lakini hayo yote ni mavazi. Kinachoamua kama chombo kitazunguka, kitanguruma bila kuzunguka au kitateketea mbele ya mwenyewe ni uhusiano kati ya koili zilizomo ndani yake na mkondo unaoletwa na waya. Suala hili, ambalo katika miji mikubwa limebaki kuwa la wakusanyaji wa vitu vya kale, lina uzito wa kila siku katika mji wa Mbita, Kaunti ya Homa Bay, ambako nyumba moja inaweza kuwa na umeme wa Kenya Power wa volti 240 ilhali ya jirani inategemea betri ya volti 12 inayochajiwa na paneli ya jua, na ambako feni inayofika kwenye meza ya fundi huenda imetoka katika mnada wa ofisi, katika jengo la misheni, katika shehena ya mitumba ya ng'ambo au katika chumba cha meli iliyokwisha kuvunjwa.

Umeme huja kwa namna mbili. Mkondo mnyoofu, ambao kwenye vibati vya mitambo huandikwa DC, hutiririka upande mmoja tu, kama ule unaotoka kwenye betri au paneli ya jua. Mkondo geu, unaoandikwa AC, hubadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde, na katika gridi ya Kenya hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, kiasi ambacho wanafizikia hukiita hezi 50. Mota ya feni, iwe ya aina gani, huzunguka kwa sababu sumaku huvutana na kusukumana, moja ikiwa imetulia katika sehemu iitwayo stata na nyingine ikiwa katika sehemu inayozunguka iitwayo rota. Tofauti kubwa kati ya mota na mota imo katika mbinu inayotumiwa kuuzuia mvutano huo usifike mwisho wake, maana ncha zinazovutana zikishakabiliana na kutulia, mzunguko umekwisha.

Feni za kwanza zilikuwa za mkondo mnyoofu. Mmarekani Schuyler Skaats Wheeler alipotengeneza feni ya mezani yenye mapanga mawili katika miaka ya 1880, na Philip Diehl, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya cherehani ya Singer, alipoigeuza mota ya cherehani kuwa pangaboi la dari katika muongo huohuo, umeme uliokuwa ukiuzwa mijini kwao ulikuwa hasa wa aina hiyo. Kituo cha Thomas Edison cha Pearl Street mjini New York, kilichoanza kazi Septemba 1882, kiligawa mkondo mnyoofu wa volti zipatazo 110, na mahali ambapo waya za kituo hazikufika feni iliendeshwa kwa betri.

Mota ya namna hiyo hujitambulisha kwa nje. Kwenye ganda la kichwa cha feni, upande wa kulia na wa kushoto, mkabala kwa mkabala, huwa na vifuniko viwili vidogo vya kufungua kwa bisibisi, na chini ya kila kifuniko mna springi inayosukuma kipande cheusi chenye pembe nne kiitwacho brashi ya kaboni. Brashi hiyo huigusa komuteta, yaani silinda iliyoundwa kwa vipande vingi vya shaba nyekundu vilivyopangwa kuzunguka mhimili wa rota na kutengwa kwa tabaka nyembamba za maika ambazo hazipitishi umeme. Kila rota inapojizungusha kidogo, brashi huacha kipande kimoja na kugusa kinachofuata, na kwa kufanya hivyo mkondo ndani ya koili za rota hugeuzwa wakati uleule ambapo sumaku zilikuwa karibu kutulia, hivyo mzunguko huendelea. Komuteta yenye afya ina rangi ya kahawia iliyokolea, ni laini kwa kucha, na haina mitaro. Komuteta iliyochomwa na cheche huwa nyeusi yenye vishimo, na pale ambapo shaba imelika hadi maika ikajitokeza juu yake, brashi hurukaruka, cheche huongezeka, na harufu kali ya ozoni, ambayo wazee waliowahi kukaa katika ofisi zenye feni hizo huikumbuka vyema, hujaa chumbani. Fundi wa Mbita ambaye hajawahi kuiona feni ya aina hii bado anaifahamu mota yake bila kujua, kwa kuwa mota ndogo ya cherehani ya umeme, ile inayofungwa ubavuni mwa mashine na kukanyagwa kwa pedali, ina brashi na komuteta za mpango huohuo.

Mota hiyo ya cherehani, hata hivyo, ni ya tawi la pekee ambalo lazima litajwe, kwa sababu limewapoteza wengi. Koili za stata zinapounganishwa na koili za rota katika mstari mmoja, mkondo ukigeuka katika moja hugeuka pia katika nyingine, na msukumo unabaki kuelekea upande uleule. Kwa hiyo mota hukubali mkondo mnyoofu na mkondo geu pia, mradi chuma cha stata yake kimeundwa kwa mabati membamba yaliyobanwa pamoja. Kwenye kibati cha feni ya tawi hili huandikwa AC-DC. Kuwepo kwa brashi, basi, si uthibitisho tosha kwamba feni ni ya mkondo mnyoofu peke yake, na fundi mwangalifu hutazama chuma cha stata: kikiwa kipande kizima kilichosubiwa, mota si ya kuchomekwa kwenye soketi ya ukutani.

Mkondo geu ulileta mota isiyohitaji brashi. Nikola Tesla alipata hataza zake za mota ya mkondo geu Mei 1888, kampuni ya Westinghouse ikanunua haki za kuzitumia mwaka huohuo, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 feni zenye mota hizo zilikuwa zimeingia sokoni. Rota ya mota hii haiunganishwi na waya wowote. Ni gogo dogo la mabati ya chuma lililopitishwa fito za shaba au alumini ambazo ncha zake zimeunganishwa kwa pete mbili, na mkondo unaohitajika ndani ya fito hizo hauletwi kutoka nje ila huamshwa na uga wa sumaku wa stata unaobadilika bila kukoma. Anayeifungua kwa mara ya kwanza huenda akadhani kwamba kuna kitu kimeibwa, kwa kuwa haoni koili katika rota wala brashi, lakini upungufu huo wa vitu ndio uliozifanya feni hizi zidumu miaka mingi kwa kutiwa mafuta tu.

Tatizo la mota hii ni kuanza. Mkondo geu wa awamu moja, ambao ndio uingiao majumbani, huzalisha uga unaosukuma mbele na nyuma kwa nguvu sawa, hivyo rota iliyotulia hutetemeka bila kujua iende upande gani, na wahandisi walipaswa kubuni njia ya kuipa msukumo wa kwanza. Njia hizo za kuanzisha mzunguko ndizo zinazoigawa jamii kubwa ya feni za mkondo geu katika koo zake, na mbili kati ya koo hizo zinatosha kueleza feni nyingi zilizopo Afrika Mashariki.

Ukoo wa kwanza ni wa ncha zenye pete. Stata ikitazamwa kwa karibu, kila ncha ya chuma inaonekana imekatwa ufa karibu na ukingo wake mmoja, na ndani ya ufa huo umepitishwa mkanda mnene wa shaba nyekundu uliofungwa ukawa pete kamili, usiounganishwa na waya wowote. Uga wa sumaku unapopanda na kushuka katika ncha, pete hiyo huamsha mkondo wake yenyewe unaopinga mabadiliko, na matokeo yake ni kwamba sehemu ya ncha iliyo ndani ya pete huchelewa kidogo kupata nguvu ikilinganishwa na sehemu iliyo nje. Kuchelewa huko kunatosha kuufanya uga uonekane kama unatambaa kutoka upande usio na pete kwenda upande wenye pete, na rota huufuata. Ndiyo maana feni ya ukoo huu haiwezi kugeuzwa mwelekeo kwa kubadilisha waya, na ndiyo maana pia huanza polepole, hupata moto haraka, na hupoteza zaidi ya theluthi mbili ya umeme inaoula. Ni mota hafifu, na isipokuwa urahisi wake wa kutengenezwa ingekwisha kusahaulika. Lakini haina kapasita ya kufa wala swichi ya kuungua, na kwa sababu hiyo feni ndogo za mezani za miaka ya 1950 na 1960 bado zinazunguka.

Ukoo wa pili una koili mbili katika stata, moja kuu na nyingine ya msaada, ambayo mkondo wake hutangulizwa na kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi na kuiachia. Mapangaboi karibu yote ya dari yaliyofungwa nchini katika nusu karne iliyopita ni ya ukoo huu. Ugonjwa wake mkuu ni maarufu kwa kila fundi: feni hunguruma ikiwa imesimama, na mtu akiyasukuma mapanga kwa ufito huanza kuzunguka upande wowote ilikosukumwa. Kwa kawaida dalili hiyo huelekeza kwenye kapasita iliyokufa au koili ya msaada iliyokatika, na kapasita yenyewe ya mikrofaradi mbili au tatu ni ya bei nafuu kuliko nauli ya kuipeleka feni Kisumu, kwa hiyo kuivunja mota nzima kabla ya kubadilisha kapasita ni hasara isiyo na sababu.

Kasi nayo ni ushahidi. Katika mota ya mkondo geu, uga wa sumaku huzunguka kwa kasi inayopatikana kwa kuzidisha hezi kwa 120 na kugawanya kwa idadi ya ncha, hivyo mota ya ncha 4 katika umeme wa Kenya haiwezi kupita mizunguko 1,500 kwa dakika, ya ncha 6 haipiti 1,000, na pangaboi la dari lenye ncha 18 haliwezi kupita 333. Rota daima hubaki nyuma kidogo ya uga, la sivyo isingepata mkondo wowote. Mota ya brashi haifungwi na kanuni hiyo. Fundi akizihesabu ncha za stata, anaweza kujua kasi ambayo feni ilikusudiwa kuwa nayo hata kama kibati kimeng'oka, na akiona kwamba mota ya ncha 4 imeandikwa mizunguko inayokaribia 1,800, anajua mara moja kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya nchi ya hezi 60, kama Marekani, ambako volti za ukutani pia ni nusu ya zile za Kenya.

Kibati cha kiwandani, pale kilipo, kisomwe polepole. Mbali na volti na aina ya mkondo, kina maneno yanayoonyesha umri wa chombo bila kukusudia: mizunguko ya umeme ikiandikwa kwa neno la Kiingereza la zamani, cycles, badala ya Hz, feni huenda ni ya kabla ya miaka ya 1970, kwa kuwa hezi iliidhinishwa kama kipimo rasmi cha kimataifa mwaka 1960 na viwanda vikachukua muda kuizoea, chapa ya Ujerumani Magharibi ni ya nchi iliyokuwepo kati ya 1949 na 1990, feni iliyopigwa chapa ya Japani iliyokaliwa na majeshi ya kigeni ni ya muda mfupi kati ya kushindwa kwa nchi hiyo mwaka 1945 na kurudi kwa mamlaka yake mwaka 1952, jina la Tokyo Shibaura lilitumiwa tangu 1939 hadi kampuni ilipojiita rasmi Toshiba mwaka 1984, na Crompton Parkinson ya Uingereza haikuwepo kwa jina hilo kabla ya 1927. Mapanga ya shaba ya njano, ambayo yanaweza kupimwa kwa sumaku ya kawaida kwa kuwa haiyashiki, huashiria kwa ujumla nusu ya kwanza ya karne ya 20, ilhali sumaku inayonata inafichua chuma kilichopakwa tu rangi ya shaba. Mng'aro wa shaba umewaponza wanunuzi wengi ambao hawakugeuza feni kutazama kilichoandikwa nyuma.

Jambo gumu zaidi katika utambuzi ni kwamba kiwanda kilekile kingeweza kuuza feni ileile kwa sura, moja ikiwa na mota ya mkondo mnyoofu na nyingine ya mkondo geu. Hilo lilitokana na hali ya soko. Miji kadhaa ya Uingereza iliendelea kugawa mkondo mnyoofu hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Calcutta ilikuwa nao katika baadhi ya mitaa yake kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, na meli, kwa kawaida, ziliendeshewa taa na feni zake kwa mkondo mnyoofu wa volti 110 au 220. Watengenezaji wa Birmingham, wa Milan kama Ercole Marelli, na baadaye wa India, walizalisha kwa ajili ya masoko yote hayo, na bidhaa zao zilifika Mombasa kwa merikebu na kuendelea bara kwa reli.

Afrika Mashariki ilipata umeme wa biashara mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa Harrali Esmailjee Jeevanjee aliuletea mji huo mtambo wa umeme na kampuni ikaundwa, na mwaka huohuo Nairobi ikapata kampuni yake. Zote mbili ziliunganishwa mwaka 1922 zikawa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina ikawa Kenya Power and Lighting. Upande wa Ziwa Victoria, ambako Mbita iko, mgodi wa shaba wa Macalder katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Migori ulijengewa miaka ya 1950 kituo cha umeme wa maji katika Maporomoko ya Gogo kwenye Mto Kuja, chenye uwezo wa megawati 2, na kituo hicho kiliendelea kuwepo baada ya mgodi kufungwa. Ziwani kwenyewe kulikuwa na meli, miongoni mwao SS Rusinga, iliyoundwa Paisley huko Scotland, ikasafirishwa vipandevipande na kuunganishwa Kisumu kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikapewa jina la kisiwa kinachotazamana na Mbita. Feni ya chumba cha meli ya zama hizo, yenye kitako kinachofungwa ukutani na volti 110 au 220 kwenye kibati chake, inastahili kushukiwa kuwa ya mkondo mnyoofu hadi ithibitike vinginevyo, hasa ile ya volti 220, ambayo namba yake inakaribiana na volti za ukutani kiasi cha kumdanganya anayesoma namba peke yake.

Kinachofuata kosa hilo kinaelezeka. Feni ya mkondo mnyoofu yenye chuma kizima, ikichomekwa kwenye mkondo geu, huvuma kwa sauti nzito, husitasita, na chuma chake hupata moto kwa sababu uga unaobadilika huamsha mikondo ya kuzungukazunguka ndani ya chuma chenyewe. Kinyume chake ni hatari zaidi kwa koili: katika mkondo geu, koili huzuia mkondo kwa sifa yake ya kupinga mabadiliko, lakini katika mkondo mnyoofu hakuna mabadiliko ya kupinga, kinachobaki ni ukinzani mdogo wa waya, na feni ya mkondo geu ikiunganishwa na mkondo mnyoofu wa volti zilezile hukaa kimya, haizunguki, na vanishi ya koili zake huanza kutoa moshi. Feni ya Marekani ya volti 110 iliyochomekwa kwenye 240 hupokea zaidi ya mara mbili ya volti zake, na kwa kuwa joto hukua kwa kipeo cha pili cha volti, koili hubebeshwa takribani mara 5 ya joto zililoundiwa. Transfoma ya kushusha volti huiokoa, ingawa feni ya hezi 60 itazunguka kwa kasi iliyopungua kwa sehemu moja ya sita. Feni ya mkondo mnyoofu haiokolewi na transfoma, kwa sababu transfoma hutoa mkondo geu uleule iliopewa.

Wengi hapa Mbita na visiwani hujaribu kuziba pengo kati ya betri na feni ya mkondo geu kwa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa mkondo geu wa volti 240. Inveta za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi ngazi badala ya wimbi laini la gridi, na ingawa taa na simu hazijali, mota kongwe ya koili hulalamika kwa mvumo na joto la ziada. Feni yenye thamani isifanyiwe jaribio hilo.

Mkondo mnyoofu, ambao vitabu vya ufundi vilikuwa vimeuzika pamoja na meli za mvuke, ulirudi katika eneo hili kwa mlango wa utafiti wa malaria. Kati ya Juni 2013 na Mei 2015, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, ambacho kina kampasi yake Mbita, na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi vilifanya katika Kisiwa cha Rusinga mradi ulioitwa SolarMal, ulioongozwa na watafiti kama Willem Takken na Wolfgang Richard Mukabana. Kila nyumba iliyoshiriki, katika jamii ya watu wapatao 25,000, ilifungiwa paneli ya jua, betri, taa, mahali pa kuchaji simu, na mtego wa mbu uliopewa jina la Suna, ambalo kwa Kijaluo ni mbu. Ndani ya mtego huo mlikuwa na harufu bandia inayoiga ya binadamu na feni ndogo ya volti 12, iliyofanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kuisambaza harufu nje na kumvuta ndani mbu aliyeifuata. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet yalionyesha kwamba idadi ya mbu aina ya Anopheles funestus ilipungua kwa asilimia 69.2 katika maeneo yenye mitego, na maambukizi ya malaria yalikuwa asilimia 23.7 katika maeneo hayo dhidi ya asilimia 34.5 katika yale ambayo yalikuwa bado hayajafungiwa, yaani upungufu wa takribani asilimia 30. Mfumo mzima ulitegemea mota ya wati chache, inayozunguka usiku kucha kwa umeme uliokusanywa mchana. Mota ikisimama, harufu haiendi mbali na mbu hanaswi.

Feni hiyo ndogo, pamoja na dada zake zinazotolewa kwenye kompyuta zilizokufa na kufungwa katika mashine za kuangulia vifaranga, ni ya mkondo mnyoofu lakini haina brashi. Sumaku ya kudumu imo katika kikombe kinachobeba mapanga, koili zimo katikati na hazizunguki, na kazi ya komuteta hufanywa na kipande cha elektroniki chenye kihisio kinachotambua ncha ya sumaku inayopita na kuwasha koili inayofaa. Kuna jaribio jepesi la kutofautisha jamii hizi za volti ndogo: mota ya brashi yenye sumaku ya kudumu hugeuka mwelekeo waya chanya na hasi zikibadilishwa, mota ya brashi yenye koili mbili zilizofuatana huendelea upande uleule, isiyo na brashi haigeuki kabisa, na isipokuwa na kinga inaweza kufa papo hapo, kwa hiyo jaribio hili lisifanywe juu yake kwa makusudi. Sumaku nyeusi za feraiti, ambazo huonekana kama vigae vya mawe ndani ya ganda, zilianza kuenea katika miaka ya 1950, na feni inayozibeba haiwezi kuwa ya zama za Edison hata ikiwa imevalishwa shaba.

Matengenezo ya feni kongwe huanza kabla ya umeme. Mapanga yazungushwe kwa mkono. Yakikwama, sababu ya kawaida ni bushi, yaani mikebe ya shaba inayoubeba mhimili, ambayo mafuta yake yameganda. Katika nyumba za pembezoni mwa ziwa, ambako wadudu wadogo wa ziwani huingia kwa mawingu nyakati za jioni wakifuata taa, kitambaa cha sufu kinachohifadhi mafuta nyuma ya bushi hukutwa kimeshikana na mabaki yao na vumbi hadi kuwa tope gumu jeusi, na mafuta ya kupikia, ambayo mtu huyatia kwa nia njema, huligeuza tope hilo kuwa gundi. Bushi isafishwe, sufu ibadilishwe au ioshwe, na yatiwe mafuta mepesi ya mashine; grisi haifai hapo, kwa kuwa haipenyi katika sufu. Waya za zamani zilizofunikwa mpira na kitambaa husagika zikipindwa, na kwa kuwa mwili wa feni hizo ni wa chuma na plagi zake za asili hazikuwa na waya wa ardhi, waya uliochunika ndani huugeuza mwili mzima kuwa na umeme. Waya zibadilishwe zote, waya wa ardhi uongezwe, na ukinzani kati ya koili na mwili upimwe kwa mita ya kuhami ya volti 500, ambayo inapaswa kuonyesha zaidi ya megaohimu 1. Baadhi ya waya za karibu na mota zilifunikwa kwa asbesto, nyuzi za kijivujivu ambazo vumbi lake ni hatari kwa mapafu, na hizo zisikwanguliwe zikiwa kavu.

Mafundi wa jua kali wana desturi ya kuwasha mota wasiyoifahamu kupitia balbu ya zamani ya wati 60 au 100 iliyounganishwa nayo katika mstari mmoja, ili balbu iubane mkondo. Desturi hiyo ni nzuri kuliko nyingi zinazofundishwa darasani. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, koili zimegusana au mota ni ya umeme mwingine. Ikiwaka hafifu na mapanga yakatikisika, kuna matumaini. Balbu za kisasa za LED haziwezi kufanya kazi hiyo, na fundi aliye na balbu chache za waya zilizosalia afadhali azihifadhi.

Kusuka koili upya, ambako wateja wengi hukuomba mara tu wasikiapo neno mota, kunapaswa kuwa hatua ya mwisho, kwani koili ya awali ikishakatwa, idadi ya mizunguko yake, unene wa waya wake na mpangilio wa ncha zake hupotea isipokuwa kama viliandikwa mahali. Adui mkubwa zaidi wa mota hizi, hata hivyo, ni bei ya shaba. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya umeme na kuiruhusu tena Mei mwaka huohuo, na tangu hapo mizani ya skrepu imeendelea kumeza koili kwa kilo bila kuuliza zilitoka wapi. Mwenye feni kongwe nyumbani, awe Mbita, Kisiwa cha Mfangano au kwingineko, akikipiga picha kibati chake, akahesabu ncha zake na kutazama kama ina brashi, atakuwa amejua mengi kuihusu kuliko mnunuzi wa skrepu; na afanye hivyo kabla ya kuichomeka popote.